Plagi safi, mtoto salama

Kwa familia nyingi za Tunduma na Vwawa, bodaboda ndiyo unga na ada ya shule. Ikigoma kuwaka asubuhi, baba huanza na plagi. Ikiwa nyeusi na kavu, huenda chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Ikiwa imelowa oili, huenda ringi zimechoka. Huisugua kwa brashi, huiosha kwa petroli, mtoto akiwa amechuchumaa pembeni anatazama.

Plagi ikirudi mahali pake, petroli iliyobaki huachwa mlangoni kwenye chupa ya maji. Mtoto wa miaka miwili anajua chupa ni ya kunywa.

Akimeza, usimtapishe, wala usimpe maziwa ukidhani yanaua sumu. Petroli ikipanda tena inaweza kuingia kwenye mapafu na kuyadhuru. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mpeleke kituo cha afya mara moja hata akionekana mzima. Kikohozi na kupumua kwa shida huweza kuanza baadaye.

Baba, kabla hujapiga kiki, rudisha petroli kwenye dumu lake, funga kifuniko, liweke mbali na jiko na mahali mtoto asipofika.