Kabla Hujalipia Shamba la Zabibu

Nyegezi, Mwanza
12 Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amenieleza kwamba umepata ekari mbili upande wa Hombolo, Dodoma, unataka kulima zabibu za mvinyo, na mwenye shamba anataka hela yake kabla ya mwezi kuisha. Wazo lako nimelipenda. Haraka hiyo ndiyo sijaipenda, na ndiyo maana nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu.

Zabibu ya Dodoma ina mizizi. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950, ikaonekana kwamba nchi ile ya jua kali na kiangazi kirefu inaikubali. Inazaa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba, neema ambayo mkulima wa Ufaransa au Italia hana. Lakini neema hiyo inategemea mvua ije kwa wakati wake na iondoke kwa wakati wake, na siku hizi mvua haishiki ahadi.

Umekulia huku, umeona dagaa wakianikwa mwaloni. Mvua ikiwanyeshea kabla hawajakauka, mzigo uliotarajiwa kwenda sokoni Kirumba unaishia kuwa chakula cha kuku. Zabibu inayoiva iko vilevile. Unyevu ukizidi, ubwiri unashika majani na vichala, tunda linapasuka, linaoza, na sukari inapungua. Mnunuzi wa kiwanda anapima sukari, hapimi jasho lako. Mvua za El Niño za 2023 na 2024 zilikuwa nyingi kupita kiasi sehemu kubwa ya nchi yetu. Mwaka mwingine mvua inakatika mapema na mzabibu unakosa nguvu ya kubeba. Kwa hiyo dawa ya ukungu na mkopo wa kuinunulia uviweke kwenye hesabu zako tangu leo, usisubiri ugonjwa uingie.

Sasa maji, na hapa naomba usome polepole. Mavuno ya Agosti na Septemba ndiyo yenye zabibu safi kwa sababu hewa ni kavu, lakini kwa sababu hiyohiyo yanaishi kwa umwagiliaji. Kule Makutupora kuna visima ambavyo kina chake kimepimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipochambua vipimo vya miaka 55 waliona jambo la kutisha kidogo: maji ya ardhini hayajazwi na mvua ya kawaida ya kila mwaka. Yanashuka mwaka hadi mwaka, kisha yanapanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya 1997 na 1998. Maana yake ni kwamba mvua ileile inayoozesha vichala ndiyo inayojaza kisima. Na visima hivyo ndivyo vinavyonywesha jiji la Dodoma, ambalo limefurika watu tangu serikali ilipotangaza kuhamia huko mwaka 2016. Mjini na shambani wanachota chungu kimoja. Mtu akikuonyesha kisima kilichojaa mwezi Aprili, mshukuru, halafu mwambie utarudi kukiona Oktoba.

Kuna moto pia. Najua utasema Dodoma si California. Kweli, lakini sikiliza kilichowapata wakulima wa kule. Mwaka 2020 moto uliozuka Septemba ulipita katika bonde la Napa, ukachoma majengo ya viwanda vya mvinyo. Lakini hasara kubwa zaidi ililetwa na moshi, kwa watu ambao shamba lao halikuguswa na ndimi za moto hata kidogo. Moshi wa kuni una kemikali ziitwazo fenoli. Zinaingia kwenye ganda la zabibu inayokaribia kuiva na kujishikiza na sukari. Ukiosha hazitoki, ukionja tunda unaweza usizijue. Juisi ya zabibu ikianza kuchacha ndipo zinapofunguka, na mvinyo unakuwa na ladha ya majivu. Wenye mashamba wengi waliacha kabisa kutengeneza mvinyo mwekundu mwaka ule. Australia walikuwa wamepata msiba kama huo miezi michache kabla, kwenye milima ya Adelaide.

Kwetu moto wa porini ni wa kila kiangazi. Watu wanachoma mapori kuandaa mashamba, kuotesha majani ya mifugo, kufukuza nyoka, kupata mkaa, na wanafanya hivyo hasa miezi ambayo zabibu ya pili iko mtini. Joto likizidi na nyasi zikikauka mapema, moto wa jirani hauishii kwa jirani. Kilimanjaro yenyewe iliungua Oktoba 2020, na si mlima usio na walinzi.

Agosti mwaka huu moto ulipita katika hekta zipatazo 16,000 katika mkoa wa Aude, kusini mwa Ufaransa, nchi ya mizabibu. Watu wa kule walieleza kwamba palipokuwa na mizabibu inayotunzwa, ardhi imepaliliwa na haina magugu makavu, moto ulipunguza kasi; na palipong'olewa mizabibu kwa sababu hailipi tena, vichaka vikaota na moto ukapata njia. Nimelifikiria sana hilo. Shamba lako likiwa safi litakukinga wewe pamoja na majirani zako, likitelekezwa litakuwa kuni.

Basi fanya hivi, mwanangu. Nenda TARI Makutupora, ndio wenye utafiti wa zabibu, uwaulize aina ipi inafaa udongo wa eneo hilo na uchukue miche kwa watu wanaojulikana. Uliza kiwanda kitakachonunua, upate jibu lililoandikwa, maana zabibu ikishaiva haisubiri. Kaa na wazee wa kijiji mkubaliane siku za kuchoma na mipaka ya moto, uwe tayari kufyeka mpaka wako mwenyewe. Pima kisima mwezi huu, kabla mvua hazijaanza. Mwenye shamba akikataa kungoja wiki tatu, mwachie shamba lake.

Ukimaliza hayo na bado moyo wako uko kwenye zabibu, nitumie namba ya kisima na kina cha maji. Nitachangia pampu na mipira ya matone.

Ni mimi mjomba wako.