Kiholanzi na Subira ya Sikio

Mzungumzaji wa Kiswahili anapokana, hukana mapema. Katika "simjui mtu yule", kiambishi "si-" hutangulia yote, na msikilizaji hana nafasi ya kubahatisha. Mholanzi husema "Ik ken die man niet": mimi, namjua, mtu yule, la. Anayeacha kusikiliza kabla ya "niet" huondoka na ushahidi ulio kinyume kabisa.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa Kiholanzi kwa mwanafunzi kutoka Afrika Mashariki, wala si katika ile "g" ya kukwaruza koo inayotajwa na kila mtu. Aliyelelewa na "kh" ya sabalkheri hana sababu ya kuiogopa.

Kanuni zenyewe si nyingi. Katika kishazi huru, kitenzi hukalia nafasi ya pili kama mzee asiyekubali kigoda kingine. "Ik lees vandaag een boek", yaani ninasoma kitabu leo. Neno "vandaag" (leo) likiletwa mbele, kiima ndicho kinachohama: "Vandaag lees ik een boek". Ila kikitokea kiunganishi "omdat" (kwa sababu), mzee yule yule huinuka akaketi mwisho wa safu: "omdat ik vandaag een boek lees". Kiswahili hakina uhamisho wa namna hiyo. "Ninasoma" hubaki pale pale, kiunganishi kiwepo kisiwepo.

Vitenzi vinavyokatika vipande viwili ndivyo vinavyotesa zaidi. "Afzeggen" ni kufuta miadi. Mtu akisema "Ik zeg de afspraak van morgen af", sikio hunasa "zeg", ambalo peke yake ni kusema, likafuata habari ya kusema hadi silabi ya mwisho inapogeuza yote. Mgonjwa asiyeisikia "af" hiyo ya mhudumu wa hospitali atafika kesho bure.

Tangu mwaka wa 2006, Mkenya anayetaka kuhamia kwa mwenzi wake Uholanzi kwa kawaida hutakiwa kupita mtihani wa lugha kabla ya kusafiri. Kukariri msamiati pekee hakutoshi. Heri maneno machache na sikio lililozoezwa kungoja.

Naye Mholanzi anayejifunza Kiswahili ana mashaka yake. Hawezi kulitamka neno moja tu, "sikukisoma", kabla hajaamua ni nani, ni lini, ni kitabu au ni barua, na kama tendo lilitendeka.