Uraibu Wangu: Kuchambua Demo

Ukweli ukidhihiri, uongo hujitenga. Wasomaji wapenzi, kila mtu ana uraibu wake. Huyu kandanda, yule kuvua kambare mtoni. Wangu mimi ni kuchambua demo.

Demo ni nini? Ni kumbukumbu ya mchezo wa kompyuta. Mimi na rafiki yangu hucheza Doom, mchezo uliotolewa na kampuni ya id Software ya Marekani mwaka 1993. Ni wa zamani, lakini kompyuta kuukuu za saiba hapa Garsen zinauweza. Demo yake si video. Huandika tu vile mchezaji alivyosogea, alivyogeuka na alivyobonyeza, mara 35 kila sekunde, baiti 4 kila mara. Mchezo wa dakika 10 wa watu wawili huchukua kama baiti 168,000 tu. Ukiifungua, kompyuta hurudia mchezo wote vile ulivyokuwa.

Kuihariri si mchezo! Ukibadilisha hatua moja mwanzoni, zinazofuata huenda kombo, mchezaji akaanza kugonga kuta kama kipofu. Kwa hivyo mimi huigeuza kuwa video kwanza, kisha nakata yasiyo na maana na kubakiza yenye funzo.

Uhondo wenyewe uko kwenye kitufe cha F12. Mkiwa mnapigana huwezi kuona anachoona mwenzako. Lakini ukirudia demo ukabonyeza F12, unatazama kwa macho yake.

Juzi rafiki yangu alinuna. "Wewe unachungulia kioo changu! Kila nikitokea mlangoni, wewe huyo, umeshanielekezea bunduki!"

Nikamwambia, "Ndugu yangu, hebu tutazame."

Kwa macho yangu, mlango ulilia nyuma yangu nikageuka. Kwa macho yake, alifungua mlango akanikuta namtazama, basi. Hakufikiri kwamba mlango ule unasikika hadi nilipokuwa. Mimi sikuchungulia, wala yeye hakunisingizia kwa ubaya. Tulicheka mpaka mwenye saiba akatufukuza.

Mama hapendi kusikia milio ya bunduki, hata ya kompyuta. Namwelewa. Kuanzia Agosti 2012 hadi Januari 2013, Wapokomo na Waorma walipigana hapa Tana Delta kwa sababu ya ardhi, malisho na maji, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Mimi ni Mpokomo, rafiki yangu ni Mworma. Tulikuwa watoto wachanga wakati huo. Kwetu nimesikia habari zile kwa namna moja, naye kwao amezisikia kwa namna nyingine. Demo ya mambo yale haipo, na F12 haipo.

Lakini mdomo upo. Siku hizi mtu akinikasirisha, namuuliza kwanza, "Wewe uliona nini?" Jaribuni nanyi, wenzangu. Ni bure, wala hauhitaji stima.