Baba Yetu na Uso Usiocheka



Ndugu wasomaji, wengi wenu mnaokaa Hayes na Southall mlimjua baba yetu, aliyefariki mwaka 2015, kwa mambo mawili: kiti chake cha kukunja pembeni mwa safu ya kwanza, na uso wake usiocheka. Kiti hakihitaji maelezo. Juu ya uso tumeulizwa mara nyingi, na kwa kuwa wapo wazee wengine miongoni mwetu walioanza kutetemeka mkono na kuuficha mfukoni, sisi wanawe tumeona tuandike.

Alikuja Uingereza kutoka Unguja mwaka 1974 akafanya kazi viwandani, zamu ya usiku, muda wa zaidi ya miaka ishirini. Akirudi asubuhi hakulala mpaka atupikie uji na kutusindikiza skuli. Jumamosi alipanda basi namba 207 kwenda Southall kununua muhogo, bamia na samaki, na jioni akatusomesha Juzuu Amma kwenye meza ya jikoni. Hatukupata kumjua mwanamume mwingine wa rika lake aliyeweza kusuka nywele za binti zake. Yeye aliweza, tena akisuka mbele ya wageni bila ya kuona haya, huku akizungumza nao siasa za nyumbani.

Maradhi ya Parkinson hayakumwanza kwa kutetemeka. Waliokaa Hayes miaka ile wanaikumbuka harufu ya kahawa kutoka kiwanda cha Nestlé, kando ya mfereji wa Grand Union, kabla hakijafungwa mwaka 2014. Ilikuwa ukishuka tu kwenye treni inakupokea. Mnamo mwaka 1996 baba alianza kutuuliza kama kiwanda kimesimama kazi. Nyumbani mama akifukiza udi usiku wa kuamkia Ijumaa, yeye hanusi. Kisha zikaja ndoto: akirusha mateke usingizini na kupiga kelele, hata jamaa mmoja aliyetutembelea akasema huyu ana jini, asomewe. Alisomewa, na kisomo kina baraka zake. Lakini madaktari wanaeleza kwamba kupotewa na harufu na kupigana ndotoni huweza kuyatangulia maradhi haya kwa miaka mingi. Hati yake nayo ikanywea. Barua alizowaandikia nduguze zilianza kwa herufi za kawaida zikaishia kwa herufi kama chembe za ufuta. Mkono wa kulia ulipoanza kutetemeka, na daktari alipoyataja maradhi kwa jina mwaka 2001, yalikwisha kukaa naye muda mrefu.

Jina hilo ni la tabibu wa hapa hapa London, James Parkinson, aliyeandika juu ya maradhi haya mwaka 1817. Alieleza habari za wagonjwa sita tu, na baadhi yao aliwaona njiani wakipita. Yeye hakujua sababu. Leo inajulikana kwamba zinakufa seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, na pasipo dopamini ya kutosha mwili hukakamaa na kuwa mzito katika yale ambayo sisi wengine huyafanya bila ya kuyafikiri: kugeuka kitandani, kufunga kifungo cha kanzu, kutabasamu.

Hili la kutabasamu ndilo lililomuumiza kuliko yote. Misuli ya uso ilikaza ukawa kama umechongwa. Ndani alikuwa yule yule, mwenye mzaha, lakini mzaha haukupata njia ya kutokea. Katika harusi moja mtu alisema kwa sauti kwamba mzee siku hizi amejivuna. Baba alisikia, akataka kujibu, na sauti yake, ambayo nayo ilikuwa imefifia, ikazama katika kelele za watu. Baada ya siku ile alikaa ndani karibu mwaka mzima. Aliyemtoa ni mama. Alimnyooshea kanzu, akamwambia, "Uso huu si wako, ni wa maradhi. Twende." Akawa akimwambia kila wanayekutana naye, kabla hajauliza, kwamba mzee anaumwa, amefurahi kukuona, msogelee umsikie.

Mlangoni mwa msikiti miguu yake iliganda kama iliyogundishwa sakafuni, na watu nyuma yake wakimngoja. Ajabu ni kwamba akishaingia na kuiona mistari ya safu kwenye zulia, alitembea. Mtaalamu wa viungo alitueleza kwamba mgonjwa ambaye ubongo wake unashindwa kuianzisha hatua kwa wenyewe huweza kuipiga akipewa alama ya kuivuka. Tukabandika tepu nyeupe kwenye ukumbi wa nyumba, mstari kwa mstari, kutoka chumbani hadi chooni, na baba akatembea juu yake miaka tisa.

Dawa yake ilikuwa levodopa, na levodopa ina saa zake. Aliimeza nusu saa kabla ya kula, kwa sababu nyama na maharage huizuia isifyonzwe vizuri. Mwaka 2011 alilazwa katika hospitali moja kwa homa ya mapafu, na wodini wakawa wakimpa dawa kwa saa zao, si kwa saa zake. Siku ya pili hakuweza kusema wala kumeza mate. Dada yetu aliandika saa zote kwenye kadi kwa herufi kubwa akaibandika juu ya kitanda, akakaa chini yake mpaka walipoifuata. Chama cha wagonjwa wa Parkinson hapa Uingereza kimelipigania jambo hili tangu mwaka 2006, na familia ina haki ya kulidai.

Kisha Ramadhani zikaangukia majira ya joto, saa kumi na nane bila ya maji. Alifunga siku moja kwa siri mwaka 2013, na alasiri tukamkuta hawezi kujigeuza. Daktari alitwambia kuikatiza dawa hii ghafla ni hatari, na sheikh akamkumbusha ruhusa iliyomo katika Suratul Baqara. Alitoa fidia, na kazi ya kupanga tende za kufuturu akaishika yeye. Mkono uliotikisika ukiwa umelala pajani ulitulia kidogo ulipoiendea tende. Tatu kila sahani, wala hakuruhusu mtu kumsaidia.

Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, katikati ya miaka ya 2000, waliwakuta wenye maradhi haya zaidi ya thelathini, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Huko dawa ni adimu na ghali. Huku twaipata, lakini aibu ni ile ile.

Mjukuu wake mdogo, aliyezaliwa baba akiwa tayari hacheki, hakuwahi kuuliza kwa nini. Aliweka kiganja chake chini ya kile kinachotetemeka na kusema babu anapiga ngoma.

Kiti chake na kadi za saa za dawa tumeviacha msikitini, kabatini karibu na rafu ya misahafu. Anayevihitaji avichukue.