Chaji Ikiisha, Penzi Libaki

Kama wewe na mwenzi wako mmeanza kuangalia picha za magari ya umeme mtandaoni kila usiku, nisikilizeni kwanza. Sisemi msinunue. Mimi mwenyewe ninalo, tena nalipenda. Ila muuzaji atawaambia linakwenda kilometa ngapi. Hatawauliza litalala wapi.

Mimi na mume wangu tunaishi Upanga, ghorofa ya tatu. Maegesho ni ya wote, na LUKU ya pale chini ni ya wote. Mwenye nyumba yake Goba anachomeka gari ukutani kama simu, anaenda zake kulala. Sisi wa maghorofani tulitegemea vituo vya nje, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia.

Hesabu inavutia

Kwa bei ya kawaida ya majumbani, yuniti moja ya TANESCO ni shilingi 356.24, kodi na tozo ndani. Betri ya yuniti 40, kama ya Nissan Leaf letu, inajaa kwa shilingi 14,000 na ushee. Mwaka 2023, petroli ya Dar ilipovuka shilingi 3,200 kwa lita, hela hiyo isingefikisha hata lita tano. Na ule mgawo wa umeme wa mwaka huo? Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha 2024, na uwezo wa bwawa zima ni megawati 2,115. Kwa hiyo umeme upo. Shughuli ni pa kuuchukulia.

Kuna na suala la plagi. Kwa chaji ya haraka, magari kama letu kutoka Japan yanatumia CHAdeMO, ya China GB/T, ya Ulaya CCS2. Mnakumbuka enzi za kuzunguka ofisi nzima kuuliza nani ana chaja ya Nokia ya pini nyembamba? Basi ndiyo hivyo hivyo, ila safari hii unazunguka jiji.

Usiku wa vituo vitatu

Alhamisi moja tulibakiwa na asilimia 9. Kesho yake mama mkwe alikuwa na kliniki Muhimbili, na mume wangu alishamwahidi kumfuata Kimara alfajiri. Kituo cha kwanza (majina kapuni), programu ya simu ilionyesha kijani. Tunafika, mashine giza. "Dada, hii imekufa tangu juzi," mlinzi akasema. Cha pili mashine ilikuwa nzima, lakini mbele yake kuna gari la petroli limeegeshwa na mwenyewe hajulikani alipo. Cha tatu plagi ikagoma kuingia.

Saa tano usiku mume wangu ameshika usukani, kimya. Wenye ndoa mnakijua kimya kile. Mwishowe akasema, "Mama ataona nimenunua pambo." Nilimshika mkono, sikuwa na la kumwambia.

Asubuhi mama alikuja kwa teksi. Hakulalamika hata kidogo. Aliuliza tu, "Sasa wanangu, hili gari lenu linakula wapi?"

Tulitazamana.

Kikao cha Jumapili

Swali lile tulilipeleka kwenye kikao cha wakazi wa jengo. Mzee wa ghorofa ya kwanza alikuja juu: "Mtatumalizia LUKU yetu!" Haki yake kuuliza. Tukakubaliana: fundi kutoka Kariakoo afunge waya wa peke yake wenye swichi ya usalama na mita ndogo, sisi tugharamie. Usomaji unaandikwa kwenye daftari kibandani kwa mlinzi, kila mkazi anaweza kulifungua, na mwisho wa mwezi tunalipa yuniti zetu zote.

Soketi ya kawaida inaingiza kama yuniti mbili kwa saa. Ni polepole, lakini usiku wa saa kumi unatupa nusu ya betri, na kwa mizunguko ya mjini inatosha. Watoto wa jengo wanaliita gari letu "friji". Mama mkwe siku hizi tunamfuata wenyewe, na yule mzee ameshaanza kuuliza bei ya Leaf.

Vituo vya nje bado tunavihitaji kwa safari. Havidaiwi makubwa: programu iseme ukweli, plagi zilizopo ziorodheshwe, na mlinzi apewe nguvu ya kuondoa gari lisilochaji.

Kabla hamjanunua

• Ongeeni na majirani kabla ya kuongea na muuzaji.
• Ulizeni aina ya plagi, kisha mkaione kituoni kwa macho yenu.
• Kubalianeni mapema nani anakesha kituoni na nani anabaki na watoto.
• Asilimia 20 ihesabuni kama sifuri, hasa kama kesho kuna ahadi ya mzazi.
• Na mlinzi wa zamu ya usiku, mjueni kwa jina.