Kabla ya Kuandika «Mbovu»



Katika ofisi kadhaa za miji yetu lingali kabati la chuma ukutani, na ndani yake kadi za elektroniki zimesimama wima kama vitabu rafuni. Huo ni mtambo wa simu wa zamani. Kadi moja ndiyo ubongo wake. Nyingine hugawa umeme. Nyingine hupokea laini zitokazo nje. Nyingine tena, mara nyingi zenye nafasi za simu 8 au 16, huhudumia simu za vyumbani. Wako watengenezaji wa mitambo hiyo ambao hawapo tena. Nortel ya Kanada, iliyotengeneza mitambo ya Meridian, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi wa Januari 2009, na baadaye mali zake zikauzwa sehemu kwa sehemu. Hivyo kadi itupwayo leo pasipo sababu, kesho huenda isipatikane tena.

Kazi ya kuzipima nilionyeshwa na mzee mmoja fundi, aliyeutunza mtambo wa hospitali. Huko chumba cha wazazi kilikuwa na simu moja tu. Iliponyamaza usiku, mlinzi alilazimika kukimbia kwenda kumwamsha daktari, na kila dakika ilihesabiwa. Katika ghala palikuwa na rundo la kadi, kila moja ikiwa na karatasi yenye neno moja: «mbovu». Mzee aliitazama ile ya juu, akaniuliza: «Mwalimu, nani ameshuhudia? Na ameona nini?»

Utaratibu wake ulianzia nje kuelekea ndani. Kwanza alibadilisha simu yenyewe, kwa kuwa simu huanguka na nyaya zake hukatika. Pili alipima waya ukutani. Simu ikiwa imetulia, mita husoma takriban volti 48, au 24 katika baadhi ya mitambo midogo. Mkono wa simu ukiinuliwa, kipimo hushuka sana, mara nyingi chini ya volti 10. Tatu aliupima waya ule ule pale unapotoka kwenye mtambo. Umeme ukiwapo hapo na ukutani usiwepo, kadi haina hatia: tafuta waya uliokatika. Alinionya pia nisishike nyaya hizo ovyo, kwa sababu simu inapolia hupita umeme wa volti 75 hadi 90.

Baada ya hatua hizo ndipo alipoigusa kadi. Alinakili kwanza mipangilio ya mtambo, maana kumbukumbu yake hutegemea betri ndogo ambayo huenda imechoka. Alizima umeme, akavaa ukanda wa mkononi uliounganishwa na ardhi. Hapa Katanga, katika majira ya kiangazi, hewa hukauka na mwili hujaa umeme tuli. Mtu hausikii mpaka ufike karibu volti 3000, lakini sehemu nyingine za kadi huharibiwa na volti mia chache tu. Naye aliyeharibu hajui kwamba ameharibu.

Alichomoa kadi, akaisafisha meno yake kwa spiriti, akairudisha. Si mara moja niliona kadi «iliyokufa» ikiamka kwa tendo hilo peke yake. Ilikuwa imezuiwa na vumbi na kutu. Ilipokataa, aliibadilishana nafasi na kadi nyingine ya aina ile ile, kisha akatazama: je, kosa limeihama nafasi na kuifuata kadi, au limebaki palepale? Likiifuata, kadi ina ugonjwa. Likibaki, ugonjwa ni wa nafasi au wa kabati, na kadi imesingiziwa. Alibadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kwani abadilishaye mawili hatajua lipi lililoponya.

Hata hivyo, hakuthubutu kuweka kadi nzima mahali ambapo nyingine imeungua kabla ya kupima umeme wa kabati. Radi za majira ya mvua huingia kwa laini za nje, na kadi zinazopokea laini hizo ndizo huumia kwanza. Ikiwa chanzo hakijaondolewa, kadi ya pili itaifuata ya kwanza.

Ziko pia kadi zinazofanya kazi asubuhi, zikipata joto zinanyamaza. Hizo aliziacha ziwake saa nzima kabla ya kutoa neno. Kisha aliandika kwenye karatasi mpya: tarehe, nafasi, alichokiona, alichokifanya. Rundo lilipungua, kadi zilizobaki humo zilikuwa na sababu ya kuwa humo, na moja iliyotoka humo ilirudi kuhudumia chumba cha wazazi.

Kwa miaka mingi nimewafundisha walimu, nami nimewasimulia habari za karatasi hizo. «Mbovu» ni hukumu; haimsaidii ajaye baadaye. «Nafasi ya 3 haitoi mlio, nyingine 7 ni nzima» ni ushahidi, na fundi anaweza kuanzia hapo. Vivyo hivyo «mtoto huyu hajui hesabu» haitufundishi kitu. «Hujumlisha vizuri, hukwama anapokopa katika kutoa» hutuonyesha pa kuanzia.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni kitu gani, au ni nani, kati yetu amebandikwa neno moja bila kupimwa? Tulianza kupima wapi, nje au ndani? Na je, tulibadilisha jambo moja, au yote kwa pamoja?