Mafaili Yangu Hayapandi Tena Daladala

Kwa miaka mingi kazi zangu zilisafiri mfukoni. Nyumbani Dar es Salaam nilikuwa na kompyuta ya mezani, kazini laptopu, zote zikitumia mfumo wa Ubuntu, na kati yake flashi. Kila andiko lilizaa ndugu: makala_mpya, makala_mpya2, makala_ya_mwisho. Kujua lipi ndilo la mwisho kweli, ilibidi uyafungue yote.

“Kaka, achana na flashi, tumia rsync,” fundi mmoja wa kompyuta aliniambia, akaniandikia amri kwenye kipande cha karatasi. Programu hiyo ilitungwa Australia na Andrew Tridgell na Paul Mackerras, ikatoka mwaka 1996, na ustadi wake unanivutia mpaka leo. Kompyuta yenye faili la zamani hulikata vipande, hukipigia kila kipande hesabu ya kukitambulisha, kisha hutuma hesabu hizo tu. Ile yenye faili jipya hulinganisha, ikapeleka pale palipobadilika basi. Kwa mtu anayeishi kwa bando, hiyo ni pesa inayobaki mfukoni.

Ila rsync inataka umakini. Ukiandika nyaraka/ yenye mkwaju mwishoni, hunakiliwa vilivyomo ndani ya folda. Ukiuacha mkwaju, folda yenyewe ndiyo inayohamia. Kabla ya kuweka --delete, inayofuta kule visivyokuwepo huku, nilizoea kutanguliza -n, ili programu inionyeshe itakachofanya bila kugusa kitu.

Tena inapeleka upande mmoja tu. Siku nilizoandika nyumbani na kazini pia, Unison ndiyo iliyonifaa, kazi ya Benjamin Pierce na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Yenyewe hukumbuka hali ya mara ya mwisho, ikajua upande gani umebadilika. Zikibadilika pande zote mbili, inakuuliza. Usumbufu wake enzi hizo: matoleo yake yalipaswa kulingana huku na huku.

Kisha ukaja wakati wa wingu. Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika pwani yetu chini ya bahari, na mwaka huohuo Canonical, kampuni ya Ubuntu, ikaleta Ubuntu One, huduma ya kuweka mafaili mtandaoni. Raha ilikuwepo, lakini hata mafaili ya kompyuta mbili zilizo meza moja yalipitia seva ya ughaibuni. Mwaka 2014 huduma ile ikafungwa, watumiaji wakapewa hadi mwisho wa Julai kuchukua vitu vyao.

Leo natumia Syncthing, iliyoanzishwa na Jakob Borg wa Sweden mwishoni mwa 2013. Haina seva ya kuhifadhi mafaili. Kila kompyuta ina kitambulisho chake kirefu cha herufi na tarakimu. Unazitambulisha zenyewe kwa zenyewe, na kinachopita kati yake kimefungwa kwa usimbaji. Zikiwa nyumba moja, intaneti ikikatika na ruta ikaendelea kuwaka, kazi inasonga. Nikihifadhi aya kwenye laptopu, muda si mrefu iko mezani. Faili likihaririwa pande zote kabla hazijaonana, moja hubaki na jina lake na jingine huongezewa neno sync-conflict, nikachagua kwa macho yangu. Kwangu mimi, hii ndiyo njia bora kuliko zote nilizopitia.

Nawaomba mtakaoifuata, msidhani ni hifadhi ya akiba. Faili ukilifuta huku, na kule linafutika. Nunueni diski ya nje, na nakala mziweke humo.